Ndoo Sita za Asali Darini

Ufa ulianzia kwenye taa. Ilikuwa usiku, mwishoni mwa mwezi wa tisa, na mwanangu wa mwisho ndiye aliyeuona kwanza kwa kuwa yeye hulala chali. "Mama, dari imechorwa mto," akasema. Nikainua macho: mstari mwembamba umetoka kwenye duara la taa, umepinda mara mbili, umefika ukutani. Kulipokucha ulikuwa umeachama kiasi cha kupitisha sarafu, na vumbi jeupe la jipsamu limetanda juu ya shuka.

Juu ya chumba kile nilikuwa nimeweka ndoo sita za asali.

Sisi tunanunua asali kwa warina asali wa Sikonge na Kaliua, tunaichuja na kuifungasha nyumbani kwetu Ipuli, hapa Tabora mjini. Msimu mkubwa huja mvua zikishakatika, kuanzia mwezi wa tano hivi, na mzigo hufika kwa mkupuo: ndoo, madumu, masega, nta. Stoo yetu ni chumba kimoja cha nyuma. Mwaka ule kilijaa hadi mlangoni. Fundi aliyetupigia jipsamu alikuwa ametuachia tundu la kupandia darini, juu ya korido, na kila nilipopita chini yake niliwaza nafasi iliyolala bure kule juu. Paa letu limesimama vizuri; katikati, chini ya kofia, pale pande mbili za paa zinapokutana, mtu mzima anatembea bila kuinama. Nikaazima ngazi kwa jirani, vijana wawili wakapandisha ndoo, na pamoja nazo maboksi ya masega matupu niliyokusudia kuwarudishia nyuki msimu unaofuata.

Hesabu sikuipiga. Asali ni nzito kuliko maji: ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, ikijaa asali ni kilo 28 hivi. Ndoo sita ni kilo 168. Ni zaidi ya uzito wa watu wazima wawili waliosimama mahali pamoja usiku na mchana, kwa wiki tatu mfululizo.

Fundi alipanda, akakaa kimya kitambo, akashuka akijifuta utando wa buibui usoni. "Mama, kule juu hakuna sakafu," akaniambia. "Kuna vijiti vya kushikia jipsamu tu." Akanipandisha nione mwenyewe. Zile blandaring za mbili kwa mbili nilizodhani ni mihimili zilikuwa zimening'inizwa kwa vipande vya mbao kutoka kwenye kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa. Na kenchi yenyewe, akanieleza, mti wake wa chini kazi yake ni kuvuta: unazuia mapau mawili yasitanue miguu na kusukuma kuta. Haukuwekwa pale ubebe ndoo. Baadaye nilisoma kwamba kanuni za ujenzi za Marekani zinataka dari isiyowekwa kitu ihesabiwe kubeba kilo 50 hivi kwa kila mita ya mraba, na dari ya kuwekea vitu vyepesi kilo 100 hivi. Mimi nilikuwa nimerundika kilo 168 kwenye eneo lisilofika mita moja ya mraba, juu ya kitanda cha mtoto. Bado nikilikumbuka hilo mwili unanisisimka.

Ndoo zilishushwa siku hiyo hiyo. Ndipo nikakutana na hasara ya pili. Asali iliyopanda ikiwa na rangi ya dhahabu ilishuka imekolea kama chai ya rangi. Mnunuzi wetu wa Dar es Salaam alipeleka sampuli maabara, na jibu likarudi na herufi tatu ambazo kila mfungashaji wa asali anazijua: HMF. Ni kemikali inayozaliwa sukari ya asali ikipata joto, na wapimaji huitumia kujua kama asali imepikwa au imekaa vibaya. Kiwango cha kimataifa cha Codex ni miligramu 40 kwa kilo, na kwa asali ya nchi za joto zimeruhusiwa 80. Yetu ilivuka hata hizo 80. Moto haikuuona hata dakika moja. Jua ndilo lililoipika. Masega nayo yalikuwa yamelala ndani ya maboksi kama kitambaa kilicholowa. Nta huyeyuka ikifika nyuzi 62 hadi 64, lakini kabla ya kuyeyuka hulegea, na vyumba vya sega vikishalegea nyuki hawana la kufanya navyo.

Mtu asiyekaa Tabora anaweza kushangaa kwamba wiki tatu tu zilitosha. Mji huu uko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Machi tuna mawingu na mvua, paa linapumzika. Oktoba hakuna wingu, miti ya pori imepukutika, na jua linalipiga bati kuanzia saa tatu asubuhi. Nina kipimajoto ninachotumia kuangalia asali isizidi nyuzi 40 ninapoipasha ichujike. Nilikipandisha, nikakitundika kwenye kenchi. Saa nane mchana kilisoma 51.

Nafasi ile sikutaka kuiacha. Nilichotaka ni kuitengeneza vizuri, na hapo nikampigia simu mdogo wangu, ambaye anafanya kazi Ujerumani na alikuwa amemsaidia mwenye nyumba wake kutengeneza dari ya kuwekea mizigo. Akanitumia picha na mchoro, hatua kwa hatua.

Huko nyumba hupashwa joto miezi mingi ya mwaka. Joto hupanda, lisipozuiwa linavuka dari, linaingia kwenye nafasi iliyo chini ya paa na kupotea nje, na hela ya gesi inapotea nalo. Kwa hiyo wenzetu wanalizuia palepale sakafuni mwa dari: wanatandika pamba ya mawe au ya kioo, unene wa sentimita 20 na zaidi, kisha juu yake wanapiga mbao za kukanyagia. Nafasi ya juu wanaiacha ikae na baridi yake. Chini ya pamba, upande wa chumba chenye joto, wanatandaza karatasi ya kuzuia mvuke, kwa sababu mvuke wa jikoni na wa pumzi za watu ukipenya hadi penye baridi hugeuka maji, na mbao zinaoza. Mdogo wangu aliniandikia pia kwamba sheria ya kule inamtaka mwenye nyumba azuie joto kwenye sakafu ya dari isiyopashwa joto, au azuie kwenye paa lenyewe. Nusu ya mwisho ya sentensi hiyo niliisoma nikaipita. Ilinigharimu mwaka mzima.

Tulianza na uzito, na hapo sina ninalojutia. Fundi alisema sakafu mpya isiguse kenchi wala jipsamu. Ikae juu ya kuta. Tukanunua mbao za mbili kwa sita, paini ya Sao Hill iliyotiwa dawa, kwa sababu Tabora mbao isiyo na dawa ni chakula cha mchwa. Kuna ndugu walinishauri mninga, maana ndio mti wetu na sifa zake zinajulikana. Mninga ni wa kitanda na mlango. Kuupandisha darini ni kuongeza uzito na kumaliza hela mahali ambapo hakuna wa kuutazama. Mihimili ikalazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya linta, mita 3 kila mmoja, na kati ya mmoja na mwingine sentimita 60. Chini ya kila ncha fundi aliweka kipande cha ubao ili mhimili uelee inchi moja juu ya blandaring. Nilipomuuliza sababu, alipanda katikati ya mhimili akachezesha magoti: ukashuka kidogo, ukarudi. "Huo mchezo ukigusa jipsamu, ufa wako unarudi," akasema.

Mbao za urefu ule hazipiti kwenye tundu la korido. Ilibidi tutoe tofali kadhaa kwenye ile pembetatu ya ukuta chini ya kofia, upande wa mashariki, tuziingizie pale kutoka juu ya jukwaa. Kazi ilipoisha tukaliziba tundu lile kwa saruji. Nakuomba ulikumbuke.

Na kulikuwa na kijana mmoja aliyetaka tukate ile miti ya mshazari ya kenchi ili tupate njia pana ya kupita. Fundi alikataa katakata. Kenchi ni fungu moja. Ukitoa mti mmoja, uzito wa paa unatafuta pa kwenda, na upepo unaotangulia mvua za Novemba unajua kupatafuta. Tunapita kwa kuinama, tumezoea.

Pamba ya kioo haikupatikana hapa mjini. Nikaamua kutumia pumba za mpunga, zile ngumu ambazo mashine za kukobolea zinamwaga mlima nje hadi zinatafutiwa mtu wa kuzichoma. Nasema ngumu kwa makusudi, maana pumba laini ya kulishia kuku ina chakula ndani, na itakuletea panya na wadudu ndani ya wiki. Ganda la mpunga halina cha kuliwa, lina silika nyingi kama mchanga, na limejaa hewa; hewa iliyofungwa ndiyo inayozuia joto. Tulizianika siku mbili, tukazipepeta kutoa chenga, tukachanganya na chokaa kavu, ndoo moja ya chokaa kwa kumi za pumba, tukazimwaga kati ya mihimili unene wa sentimita 10. Maranda ya mbao niliyakataa: yanashika moto upesi, na mchwa huyafuata. Pumba nazo zinaungua, ila polepole bila mwali, na huo ni moto wa kuogopwa kwa namna yake kwa kuwa unaweza kutembea chini kwa chini kabla hujanusa moshi. Kwa hiyo nyaya zote tulizitoa humo, tukazipitisha ndani ya mabomba juu ya mihimili, na kila taa ya jipsamu tuliizungushia kopo la bati lililo wazi juu ili pumba zisiiguse.

Kisha mbao za moja kwa sita zikapigwa kwa skurubu. Misumari ingekuwa rahisi, lakini kila nyundo inapotua juu jipsamu inatetemeka chini, na nilikuwa nimeshaona ufa wa kunitosha. Kati ya ubao na ubao tuliacha upenyo wa penseli.

Kabla ya kumwaga pumba, nilitandaza nailoni nzito juu ya jipsamu yote. Mchoro ulionyesha karatasi ya kuzuia mvuke, nami nikaweka.

Matokeo ya kwanza yalinifurahisha sana. Vyumba vilipoa. Mwezi wa kumi na moja mvua zilipoanza, ule mlio wa bati unaomfanya mtu apige kelele ili asikike ulipungua, tukaweza kuongea mezani. Nikapandisha vitu vyepesi: mavazi ya nyuki, ndoo tupu, vifuniko, vitabu vya shule vya wakubwa.

Februari, kwenye chumba kilekile cha mtoto, jipsamu ilipata doa la kahawia ukubwa wa sahani. Tukafungua mbao. Msumari mmoja wa bati ulikuwa umelegea, na mvua ilikuwa ikidondoka tone baada ya tone tangu Desemba. Dari isiyo na nailoni ingenionyesha doa siku ya pili. Ile nailoni ilikusanya maji kama karai, pumba zikalowa, zikaota ukungu, zikanuka, na uzito wake ukaongezeka juu ya jipsamu bila mimi kujua, hadi maji yalipopata pa kupenya. Tulizoa magunia manne ya uozo. Nilimpigia mdogo wangu, akaniuliza swali moja: "Dada, nyumba yenu mnaipasha joto?" Karatasi ile ina kazi kule ambako ndani kuna joto na nje kuna barafu. Kwetu mvuke wa jikoni unatokea madirishani. Nailoni yote tukaitoa, na misumari ya bati tukaikagua mmoja mmoja, ile yenye mpira uliokufa tukaibadilisha.

Oktoba ikarudi. Nilipanda saa nane mchana kuchukua ndoo tupu, na joto likanisukuma nirudi. Kipimajoto kilikuwa palepale nilipokitundika mwaka uliopita. Kilisoma 53.

Nilikaa kwenye ngazi nikiwaza. Mbao nzuri, mihimili imara, chini watoto wamelala kwenye ubaridi, na juu pamekuwa pa moto kuliko mwanzo. Nilikuwa nimezuia joto lisiingie vyumbani, na lile lililokuwa likivuka likabaki juu na vitu vyangu. Vitabu jalada zake zilikuwa zimebanduka gundi. Mavazi ya nyuki mpira wa mikononi umekatika.

Aliyenitoa kwenye tatizo hili ni mzee seremala, jirani yetu, aliyestaafu kazi siku nyingi. Alikuja asubuhi moja kuomba asali ya kifua. "Mwangaluka mayu," akanisalimu, nikamjibu, nikamweka kiti, nikamweleza yote. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama nimewahi kulala ndani ya tembe.

Nimelala. Babu yangu mzaa mama alikuwa nalo, kule Uyui, na wengi wamewahi kuliona lile la Kwihara alikokaa Livingstone mwaka 1872. Tembe halina mgongo. Paa lake ni bapa, miti imelazwa karibu karibu, juu ya miti fito na nyasi, na juu ya nyasi udongo mzito. Ukiingia mchana wa Oktoba, macho yanachelewa kuona lakini ngozi inajua mara moja kwamba umetoka juani. Vihenge vya nafaka vilikuwa humo humo ndani, na kibuyu cha asali cha babu kwenye kona.

"Babu yako udongo aliuweka wapi?" mzee akauliza.

"Juu."

"Na asali ilikaa wapi?"

"Chini yake."

"Sasa wewe mwanangu pumba umeziweka wapi, na vitu vyako viko wapi?"

Hakuongeza neno. Nilienda ndani nikaitafuta ile meseji ya mdogo wangu, nikaisoma tena: au azuie kwenye paa lenyewe. Mjerumani anayehifadhi masanduku darini hajali yakiwa na baridi. Anachokilinda ni chumba cha chini, kwa hiyo kizuizi chake kinakaa sakafuni. Mimi nilitaka kulinda chumba na vitu pia. Kila ninachotaka kukilinda kilipaswa kuwa upande wa ndani wa kizuizi, na vitu vyangu nilikuwa nimeviweka nje.

Udongo wa tembe juu ya bati haiwezekani, kenchi zingelala. Tulitumia foili, ile ya kung'aa pande zote mbili yenye povu katikati, inayouzwa kwa roli. Inafanya kazi tofauti na pumba. Bati lililochemka linatupa joto chini kama mkaa unavyokuchoma uso hata upepo ukiwa wa baridi, na alminiamu safi inarudisha karibu asilimia 95 ya joto la aina hiyo. Ila ina masharti: lazima uso wake unaong'aa utazame hewa. Ukiigandisha kwenye bati, joto linapita kwa kugusana kana kwamba hujaweka kitu. Na uso unaotazama juu hupata vumbi, baada ya miaka unafifia. Ule unaotazama chini hubaki safi. Tuliipiga stepla upande wa chini wa mapau, hivyo kati yake na bati kukabaki nafasi ya inchi sita. Karibu na kofia tuliiacha bila kuifikisha, upenyo wa kiganja, na chini karibu na upenu vilevile, ili hewa iliyochemka humo katikati ipande yenyewe na kutoka.

Sasa hewa itoke wapi? Hapo tulilibomoa lile tundu la mashariki tulilolipitishia mbao, tukatoboa na jingine kama hilo upande wa magharibi, na kwenye upenu tukafungua matundu madogo kila baada ya mita moja. Hewa huingia kwenye upenu, hutokea kwenye kofia. Kumbe ukuta ulishatobolewa mahali pake, mimi nikauziba kwa saruji yangu.

Lakini tundu la hewa ni mlango wa popo. Tulipokuwa tunachungulia tuliwakuta tayari, kundi dogo kwenye kona ya kusini, wameingia kwenye mwanya wa bati na ukuta. Majirani walishauri sumu. Nilikataa, kwa sababu popo hawa hula wadudu usiku kucha, na popo aliyekufa ndani ya ukuta ananuka mwezi mzima. Tulingoja mpaka tukahakikisha hakuna watoto wasioweza kuruka, kisha jioni, walipokwisha kutoka kuwinda, tukaziba mwanya wao. Jioni mbili zilizofuata tukaacha sehemu moja yenye kitambaa kinachoning'inia, anayetoka anaweza, anayerudi hawezi. Matundu ya hewa yote yakawekwa wavu wa chuma wa robo inchi. Mavi yao niliyanyunyizia maji kabla ya kuyazoa, nikiwa nimefunga barakoa, kwa kuwa vumbi lake linaweza kubeba kuvu inayoshambulia mapafu. Tafadhali usiyafagie makavu. Nilipeleka bustanini kwenye mchicha.

Kuhusu umeme nataka niseme polepole. Foili ni metali. Stepla ni chuma. Waya uliochubuka ukigusana nayo, paa lote la ndani linakuwa na umeme na wewe uko juu ya mbao umetota jasho. Nchini Australia, mwaka 2009 na 2010, serikali ilipogharamia mpango mkubwa wa kuweka vizuia joto kwenye nyumba, vijana wanne mafundi walikufa kazini: watatu kwa umeme, mmoja kwa joto la darini. Nilipolisoma hilo nilimwonyesha fundi kwenye simu. Siku zote za kazi tulizima swichi kuu, tukaweka mtu mmoja chini asimruhusu yeyote kuiwasha hata kwa kuchaji simu. Na kazi ilianza saa kumi na mbili alfajiri, ikakatika saa tatu, bila kujali imefikia wapi. Ilichukua siku tisa badala ya tatu. Fundi alilalamika kidogo siku ya kwanza. Siku ya pili alipanda saa tano kufuata futi kamba aliyoisahau, akashuka, hakulalamika tena.

Jambo moja sikulitegemea. Asubuhi za Juni na Julai, usiku unapokuwa wa baridi na anga wazi, bati hupoa kuliko hewa na kutoa jasho upande wa ndani. Zamani matone yale yalidondoka juu ya vitu. Sasa yanatua juu ya foili, yanateremka hadi kwenye upenu, yanakaukia hapo. Ndiyo maana mikunjo ya foili inatakiwa ilaliane kama vigae, ya juu iikalie ya chini. Tulikosea ukanda mmoja, tukaurudia.

Pumba hatukuzitoa. Ziko palepale kati ya mihimili, sasa zikiwa kavu, na nadhani zinasaidia kwa sauti ya mvua kuliko kwa joto.

Oktoba iliyofuata, saa nane mchana, nje kivulini kukiwa na nyuzi 33, darini kipimajoto kilisoma 38. Bado si mahali pa asali. Ndoo zilizojaa hazijapanda tena na hazitapanda, hata mihimili ikiweza. Zinakaa stoo ya chini, kwenye saruji, ukuta wa kusini. Kilichohamia juu ni kila kitu chepesi kilichokuwa kinaibana stoo hiyo, na kwenye mbao nimeandika kwa rangi, kati ya mhimili na mhimili, kilo zinazoruhusiwa, ili hata nisipokuwepo mtu asijichukulie.

Masega matupu nayo yamerudi juu, ndani ya madebe yenye vifuniko kwa ajili ya nondo wa nta, ambao hupenda joto na giza. Niliyapandisha mwezi wa saba. Juma lililopita, jua likiwa utosini, nilifungua debe la kwanza nikavuta sega moja nikaliinua kwenye mwanga wa tundu la mashariki. Limenyooka, vyumba vyake vyote viko wazi.